Mfuko wa Aliyepona Saratani ni Dhamana Yetu Sote

Yako maradhi ambayo wananchi wa Unguja na Pemba huyazungumza barazani bila ya kizuizi. Mtu husema kuwa ana kisukari, mwenziwe akajibu kuwa yeye ana shindikizo la damu, na wote wawili wakapeana majina ya dawa na ya madaktari. Lakini yako maradhi mengine ambayo hata ndani ya nyumba hutajwa kwa kunong'ona, mlango ukiwa umefungwa. Miongoni mwa hayo ni saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na hasa ile hali inayobaki baada ya matibabu yake, pale mgonjwa anaporejea kwake akiwa hana tena njia ya kawaida ya haja kubwa, bali ana tundu tumboni na mfuko uliobandikwa juu yake.

Tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili leo, na kulizungumza kwa maneno yaliyo wazi. Tunamtaka radhi msomaji atakayeyaona maneno haya kuwa mazito kwa gazeti la asubuhi. Ila sote tunajua kwamba jambo lisilotajwa haliandikiwi barua, haliingizwi katika ajenda ya kikao, wala halipatiwi fungu katika bajeti. Wanaoumia kwa ukimya huo ni raia wenzetu, wenye haki sawa na sisi.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Saratani inapoota chini kabisa ya utumbo, karibu na misuli inayozuia haja, mara nyingine haiwezekani kuiondoa salama bila ya kuiondoa misuli hiyo pamoja nayo. Daktari mpasuaji hukata sehemu yote iliyoathirika, akaishona njia ya chini ikafungwa moja kwa moja, kisha akautoa mwisho wa utumbo uliobaki na kuushonea kwenye ngozi ya tumbo, aghalabu upande wa kushoto. Tundu hilo huitwa kolostomi. Operesheni ya namna hii ilielezwa na daktari Muingereza, Ernest Miles, mwaka 1908, na tangu wakati huo imewaokoa watu wengi ambao zamani wangelikufa kwa maumivu makubwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba si kila mwenye saratani ya utumbo hufikia hali hiyo. Wengi hukatwa sehemu yenye ugonjwa, utumbo ukaungwa upya. Wengine huwekewa tundu kwa muda wa miezi tu, kisha likafungwa. Lakini kwa huyu ambaye misuli yake imeondolewa, tundu ni la kudumu. Ataishi nalo mpaka siku yake itakapofika.

Je, kuishi nalo kunawezekana? Hapana shaka kunawezekana. Mwaka 1793, katika mji wa Brest huko Ufaransa, daktari aliyeitwa Duret alimfungulia tundu kama hilo mtoto mchanga aliyezaliwa bila ya njia ya haja kubwa. Mtoto huyo aliishi hadi umri wa miaka 45, na hayo yalikuwa kabla ya dawa ya usingizi na kabla ya dawa za kuua vijidudu. Ikiwa yeye aliweza katika zama hizo, basi hapana sababu ya mtu wa leo kuambiwa kwamba maisha yake yamekwisha.

Hata hivyo, hatutaki kumdanganya mtu kwa kusema kuwa jambo hili ni jepesi. Tundu halina misuli ya kuzuia, kwa hivyo mwenyewe hana amri juu ya saa ya choo wala juu ya upepo unaotoka kwa sauti mbele za watu. Lenyewe ni jekundu, lina unyevu, na halisikii maumivu likiguswa; linaloumia ni ngozi iliyolizunguka, kinyesi kinapopenya chini ya gundi na kuichubua. Kwa sababu hiyo kitako cha mfuko hukatwa kwa kipimo cha tundu lenyewe, kikizidi kwa milimita 2 au 3 tu. Na kwa kuwa tundu hunywea katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kipimo cha siku ya kutoka hospitali hakitafaa baada ya miezi miwili. Ngozi huoshwa kwa maji matupu na kukaushwa vyema. Mafuta hayapakwi hapo, maana gundi haishiki. Mfuko humwagwa unapofikia theluthi moja, kwani ukiachwa ukajaa uzito wake huung'oa.

Katika visiwa vyetu kuna shida nyengine ambayo waandishi wa vitabu vya nchi za baridi hawaitilii mkazo. Katika joto la kaskazi na fukuto la masika, mtu hutoka jasho usiku na mchana, na jasho hulegeza gundi. Mifuko iliyowekwa karibu na bati au kwenye jua huharibika hata kabla ya kufunguliwa. Mkulima wa karafuu, mvuvi na mchukuzi wa bandarini wanapaswa pia kujua kwamba kunyanyua vitu vizito kunaweza kuusukuma utumbo pembeni mwa tundu, likawa ni busha la tumbo ambalo litahitaji operesheni nyengine. Haya yote yanafundishika. Mgonjwa akifundishwa, ataweza kwenda shamba, ofisini, sokoni na safarini. Asipofundishwa, atajifungia chumbani.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Taifa hugharamia mengi kumtibu mgonjwa wa saratani. Tangu Mapinduzi ya 1964 Zanzibar imesimamia msimamo kwamba matibabu ni haki ya mwananchi na hayategemei ukubwa wa mfuko wake wa fedha. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wamevushwa bahari kwenda Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, wakapasuliwa, wakapigwa mionzi, wakapewa dawa kali. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini mgonjwa huyo akishapona, akarejea shehia kwake, ni nani mwenye dhamana ya mfuko wake? Daktari mpasuaji amemaliza kazi yake. Mtoa dawa atamwambia kuwa mfuko si dawa. Ofisi ya ustawi wa jamii itamtazama na kuona mtu mwenye miguu yake na mikono yake. Kila mlango una sababu yake, na mgonjwa anabaki uani na kitambaa mkononi.

Katika nchi nyingi za Afrika mifuko hii ni adimu na ghali, na watu wanaoishi na kolostomi hujikuta wakifunga mifuko ya nailoni kwa kamba kiunoni, au wakizungushia matambara na kuyafua kila siku. Ngozi huoza, harufu hutoka, na mtu hujitenga mwenyewe kabla hajatengwa na wengine. Hali hiyo haifai kuvumiliwa mahali popote, seuze katika visiwa ambavyo ukarimu na usafi ni sehemu ya malezi ya kila mtoto.

Sisi tunasema mfuko ni sehemu ya matibabu. Operesheni iliyomwondolea mtu njia ya haja haijakamilika mpaka apewe kilichokuja badala yake. Hakuna hospitali inayomkata mtu mguu kisha ikamwambia kwamba gongo ni anasa.

Tena jambo hili lina wepesi wake kwa mwenye kupanga. Mahitaji ya dawa za malaria hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Mahitaji ya mifuko hayabadiliki. Mtu anayebadilisha kila baada ya siku 3 huhitaji mifuko ipatayo 122 kwa mwaka, na ukimwongezea ile inayovuja, tuseme 130. Wakiwa watu 100, hiyo ni mifuko 13,000. Afisa wa ununuzi mwenye orodha sahihi ya wagonjwa anaweza kujua leo idadi atakayohitaji mwakani, tena bila ya kubahatisha. Kinachotakiwa ni orodha hiyo, fungu lenye jina lake, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye kuulizwa. Uchache wa wahitaji usiwe sababu ya kuwasahau, bali uwe ndio sababu ya kulimaliza jambo lao mapema.

Tunaitaja pia Sheria ya mwaka 2023 iliyoanzisha Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Ni vyema wasimamizi wake waseme kwa maandishi yanayosomeka na kila mtu kwamba vifaa vya kolostomi vimo katika huduma zinazolipiwa, tena kwa maisha yote ya mhitaji, bila ya kumtaka kila mwaka alete cheti kipya cha kuthibitisha kwamba tundu lake bado lipo. Tundu la kudumu halifungiki kwa kupita bajeti.

Baada ya mfuko ni mwalimu wake. Historia ya jambo hili inatufundisha kwamba maendeleo yake makubwa yaliletwa na wauguzi na wagonjwa wenyewe. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alimwona dada yake akiogopa kutoka nje baada ya kuwekewa tundu, kwa kuchelea kuvuja mbele za watu. Ndipo akabuni mfuko wenye gundi unaobandikwa mwilini na kutupwa baada ya kutumika. Huko Cleveland, Marekani, mwaka 1958, daktari mpasuaji Rupert Turnbull alimwajiri Norma Gill, mwanamke aliyekuwa mgonjwa wake na mwenye tundu tumboni, ili awafundishe wagonjwa wengine. Kutokana na kazi yao, mwaka 1961 ilianzishwa skuli ya kuwafundisha watu fani hiyo, ambayo leo ni taaluma kamili ya uuguzi duniani.

Nasi tunaweza kufuata njia hiyo bila ya kujenga jumba jipya. Muuguzi mmoja aliyesomea fani hii Unguja na mwengine Pemba wangeweza kubadilisha maisha ya wahitaji wote. Wangekutana na mgonjwa kabla ya operesheni, wakamtazama akiwa amekaa na akiwa amesimama, wakatia alama mahali tundu litakapokuwa, mbali na mikunjo ya tumbo na mbali na pale mwanamme anapofunga shuka au mwanamke anapofunga kanga. Jambo dogo kama hilo likipuuzwa, mtu hutaabika kwa miaka 20. Na waliokwisha kuizoea hali hii, ikiwa wataridhia, waombwe kuwatembelea wapya hospitalini. Mgonjwa anayemwona mbele yake mtu aliyevaa vizuri, anayecheka, na ambaye hakumjua kuwa ana mfuko mpaka alipoambiwa, amepata dawa isiyouzwa popote.

Liko jambo jengine linalowasumbua wengi kuliko hata maumivu, nalo ni ibada. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa uchafu unatoka bila ya hiari, basi hawana tena udhu, hawana sala, na msikiti umefungwa juu yao. Dhana hiyo huvunja nyoyo za watu wazima waliosimama katika safu tangu utotoni. Masheikh wetu wanajua zaidi kuliko sisi, lakini hata aliyesoma chuoni anakumbuka mlango wa fiqhi unaozungumza juu ya mwenye udhuru wa kudumu, kama vile asiyeweza kuzuia mkojo na mwanamke mwenye damu ya istihadha. Mtu wa namna hiyo hujisafisha kadiri awezavyo, hujihifadhi, hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya kuingia wakati wake, kisha husali, na sala yake ni sahihi. Dini imejengwa juu ya wepesi. Kuhusu saumu pia, mwenye kolostomi aliye na afya njema kwa kawaida huweza kufunga, baada ya kushauriana na daktari wake. Hali ya mwenye tundu la utumbo mwembamba ni tofauti, maana yeye hupoteza maji mengi zaidi.

Tunawaomba makhatibu walitaje jambo hili juu ya mimbari, na Ofisi ya Mufti ilitolee maelezo mafupi yatakayobandikwa hospitalini. Sentensi tano za mwanachuoni anayeaminika zitawarejesha msikitini watu ambao hotuba za madaktari hazikuweza kuwatoa chumbani.

Nyumbani nako kuna mtihani. Operesheni hii inaweza kugusa mishipa inayohusika na unyumba, na hata pale isipoigusa, aibu peke yake inatosha kuwatenganisha watu waliolala pamoja miaka 30. Mume au mke asiachwe nje ya mlango wakati mgonjwa anapoelezwa hali yake, ikiwa mwenyewe ameridhia. Tumesikia minong'ono ya talaka ikitajwa kana kwamba ni jambo la kawaida kwa mwanamke aliyerudi na mfuko. Tunasema wazi kuwa huo si uungwana. Aliyekula nawe wakati wa neema ana haki nawe wakati wa dhiki. Na kwa majirani tunasema: usimuulize mtu mbele za watu, wala usijitie kuziba pua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Upande wa kazini, wakuu wa idara wanapaswa kufahamu kwamba mtumishi mwenye kolostomi anaweza kufanya kazi za ofisini, za skuli, na nyingi za mikono zisizokuwa za kunyanyua vizito. Anachohitaji ni choo chenye maji, chenye komeo linalofunga, chenye msumari wa kutundikia kanzu au buibui, na pipa lenye mfuniko. Vyoo vya aina hiyo vinatakiwa pia katika bandari za Malindi na Mkoani, katika boti zinazovuka mkondo, na katika kila kituo cha afya. Waziri atafaidika navyo, mzee atafaidika navyo, na mama mwenye mtoto mchanga pia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ulemavu usioonekana nao ni ulemavu, na karatasi zilizotiwa saini zinataka kuonekana kwa mabomba yanayotoa maji.

Mwisho tuwageukie wale ambao bado hawajaugua, au wameugua na wanaficha. Mwaka 2022 inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, na zaidi ya 900,000 walifariki kwa maradhi hayo. Mtu anapoona damu katika choo, aghalabu husema ni bawasiri, akanunua dawa za mitishamba, akangoja. Inawezekana kweli ikawa ni bawasiri. Lakini damu inayorudi, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kuhisi haja isiyokwisha, kukonda na kuishiwa na damu bila ya sababu, hayo ni mambo ya kumpelekea daktari. Uvimbe ulio chini mara nyingi hugundulika kwa kidole cha daktari chenye glovu, kipimo cha dakika moja kisichohitaji mashine wala umeme. Wanaume wengi hukikataa kwa kuona haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayewahi ana nafasi kubwa zaidi ya kutibiwa akabaki na njia yake, na anayechelewa huenda asiokoke hata kwa tundu.

Wako pia wanaoambiwa na daktari kwamba operesheni itawaponesha, wakakataa kwa kuuogopa mfuko, wakarudi nyumbani kufa. Tusiwacheke. Wamewaona waliotangulia wakiishi na matambara, nao wamechagua kaburi. Siku watakapowaona wenzao wakitembea wasafi, wakisali, wakifanya kazi na wakiheshimiwa katika nyumba zao, uamuzi wao utakuwa mwengine. Kwa hivyo kila mfuko unaofika kwa wakati katika kituo cha afya cha shehia unamsaidia mtu wawili: aliyeuvaa, na yule aliyeko njiani anayemtazama.

Tunapendekeza, basi, mambo manne, na tunayaweka mbele ya Wizara ya Afya, Wizara ya Fedha na Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. La kwanza, iwepo orodha ya watu wote wanaoishi na tundu la kudumu Unguja na Pemba, itunzwe kwa siri na kwa heshima. La pili, Bohari Kuu ya Dawa iweke mifuko katika vifaa vya lazima, na igawiwe kila mwezi karibu na anapoishi mhitaji. La tatu, wauguzi wawili, mmoja kwa kila kisiwa, wapelekwe kusomea fani hii, na wakirudi wasihamishiwe kazi nyengine. La nne, kila jengo la umma linalojengwa au kukarabatiwa liwe na angalau choo kimoja cha namna tuliyoieleza.

Mambo hayo hayahitaji tume wala safari ya nje. Yanahitaji kalamu ya mtu mwenye mamlaka, na mtu mwengine wa kufuatilia baada ya wino kukauka. Sisi nasi tutauliza mwezi baada ya mwezi, na tunawataka wananchi, masheha na viongozi wa matawi waulize pamoja nasi, mpaka ipatikane siku ambayo mtu aliyeponywa saratani atatoka hospitali akiwa na mfuko wake wa mwezi mzima mkononi, na jina la muuguzi wa kumwendea utakapokwisha.